Redio, magitaa na Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nusu ya maswali haya hutoka kwa vijana wanaotafuta wimbo ambao bibi yao alikuwa akiuimba jikoni. Nusu nyingine hutoka kwa watu wazima wenye jibu lao tayari, wanaotaka tu kuona kama nitakosea. Nimewajibu wote mahali pamoja. Sikuyapanga kwa miaka. Nimeyaacha yafuatane kama yanavyozuka kwenye mazungumzo.

Je, Dar es Salaam imewahi kuwa na stesheni ya redio ya muziki wa roki?

Stesheni iliyojipatia jina kwa kupiga roki tupu asubuhi mpaka usiku, kama zile za Marekani, hatukuwa nayo. Magitaa ya umeme lakini yalijaa hewani kwa miongo mitatu, na karibu yote yalipita mlango mmoja: jengo la utangazaji la Barabara ya Pugu, barabara ambayo leo inaitwa Nyerere. Humo ndimo ilimokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Iliwarekodi wapiga gitaa, ikawatangaza, ikawachuja, ikawanyima hewa walipovuka mstari, kisha ikaziweka kanda zao kabatini. Kwingineko kazi hizo hugawanywa baina ya studio, kampuni ya santuri, stesheni na makumbusho. Kwetu zilikaa chini ya paa moja, na utaona majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye paa hilo hilo.

Redio yenyewe ilianza lini?

Mwaka 1951, enzi ya Gavana Edward Twining, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mtambo ulikuwa mdogo, na jina lilikuwa la haki kabisa: aliyeisikia alikuwa mtu wa mjini au wa viungani. Mwaka 1956 likaundwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation (TBC), lililofuata mfano wa BBC ya London. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 shirika hilo likaendelea miaka michache zaidi, hadi 1965 serikali ilipolivunja na kuiweka redio chini ya wizara. Hapo ndipo jina la RTD lilipozaliwa.

Kwa hiyo TBC ya zamani ndiyo TBC ya leo?

Herufi ni zile zile, shirika ni jingine. TBC ya sasa, Shirika la Utangazaji Tanzania, iliundwa mwaka 2007. Katikati kulikuwa na RTD, na baada yake Taasisi ya Utangazaji Tanzania iliyoiunganisha redio na Televisheni ya Taifa. Mtu akikuambia "sisi tulirekodi TBC", muulize kwanza ana umri gani.

Kwa nini bendi zilirekodi redioni badala ya kutoa santuri?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga vyombo ikapanda gari kwenda Nairobi, ambako kampuni kubwa za muziki zilikuwa na studio na mashine. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda, na wengine wengi. Lakini santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ina nafasi ya dakika chache tu kila upande. Wimbo wetu wa dansi hauendi hivyo. Unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake beti kwa beti, kibwagizo kinaingia, halafu ndipo linakuja chemko: magitaa yanashindana, tarumbeta zinajibu, na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Ukiukata katikati ili utoshe santuri, kisa kinabaki upande mmoja na chemko upande wa pili. Ndiyo maana kwenye santuri za zamani utakuta jina la wimbo limeandikwa mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mtu yuko katikati ya ukumbi na mwenzi wake, ghafla muziki unakatika, wote wanamngoja mwenye gramafoni ageuze.

Kanda ya redio haikuwa na shida hiyo. Wimbo ulikwenda mpaka ulipoishia wenyewe.

Kisha ikaja Februari 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka ule ule. Mpaka haukufunguliwa mpaka 1983. Angalia hesabu hiyo: DDC Mlimani Park Orchestra ilianzishwa 1978, mpaka ukiwa umefungwa. Nyimbo zake za mwanzo, ambazo mpaka leo zikipigwa harusini hakuna anayebaki kwenye kiti, zilirekodiwa Dar es Salaam, kwenye studio ya redio. Watu hupenda kusema RTD ilikuwa na wivu na muziki wake. Mimi nasema miaka ile bendi ya Dar ilikuwa na mlango mmoja wazi, na mlango huo ulikuwa wa Barabara ya Pugu.

Kurekodi kulikuwaje hasa?

Bendi iliingia na watu wake wote: mpiga solo, mpiga rithimu, mpiga besi, wapuliza tarumbeta na saksafoni, mpiga tumba, mpiga drams, waimbaji wawili watatu. Wakapiga kwa mkupuo mmoja. Siku hizi mpiga gitaa anaweza kuweka sehemu yake Jumatatu na mwimbaji akaja Alhamisi. Wakati ule kosa la mtu mmoja lilikuwa kosa la bendi nzima, na wimbo ulianza upya toka juu. Fundi mitambo hakuwa na vitufe vingi vya kuchezea. Uzito wa sauti ulipangwa kwa miguu: tarumbeta zirudi nyuma, mwimbaji asogee mbele, tumba ikae pembeni.

Ukizisikiliza kanda hizo kwa makini, utasikia chumba. Utasikia mpuliza saksafoni akisogea karibu zamu yake inapofika. Vijana wengine huniuliza programu gani italeta "ule mlio wa RTD" kwenye kompyuta. Programu sijui, wakusanye watu kumi waliozoeana kwa miaka mitano, wafungie chumba kimoja, uwaambie hakuna kurudia.

Kulikuwa pia na kipindi cha Klabu Raha Leo Show, ambacho bendi ilipiga mbele ya watazamaji. Kwa msikilizaji wa Tunduru au Kasulu, hiyo ndiyo iliyokuwa tiketi yake ya kuingia dansini Dar.

Kwa nini zinaitwa "jazz" wakati hazipigi jazz?

Kwa sababu neno lilipofika huku lilimaanisha bendi yenye ala za kisasa, basi. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Polisi Jazz: hakuna aliyetafuta muziki wa New Orleans humo. Ukitaka kujua bendi inapiga nini, uliza mtindo wake. Western walikuwa na Saboso, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa, Maquis walikuja na Kamanyola, Vijana Jazz wakawa na Pambamoto. Mtindo ulikuwa mwendo wa ngoma, namna ya kucheza na bango la biashara kwa pamoja.

Nani alikuwa akichuja nyimbo?

Redio ilikuwa ya serikali na tungo zilipitiwa kabla ya kurekodiwa. Ongeza hapo kwamba bendi nyingi nazo zilikuwa mali ya umma kwa namna moja au nyingine: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mwenge ya jeshi, Kimulimuli ya JKT, Magereza, Polisi, Vijana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na chombo alichopigia kilikuwa na namba ya mali ya ofisi. Nyimbo za kusifu siasa hazikupata taabu kupita.

Matokeo yake ni fumbo. Mtunzi alisema anamlilia mke aliyemkimbia, na wasikilizaji wakabaki wanabishana wiki nzima kwamba mke huyo ni nani hasa. Kiswahili cha pwani kilishakuwa na utajiri wa mafumbo tangu kwenye mashairi na taarab; wachujaji waliupa sababu nyingine ya kuendelea. Sisemi uchujaji ulikuwa jambo jema. Nasema tu ulikutana na watu waliozaliwa na dawa yake.

Aliyekataa fumbo alikuwa Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kongo, alifika Dar 1978, na mwaka 1990, wakati ukimwi unazungumzwa kwa kunong'ona, alitoa wimbo uliohimiza kondomu waziwazi, "Mambo kwa Soksi". RTD haikuupiga. Ukaenea kwa kanda za mkononi na kumbini, na ukawa maarufu kuliko nyimbo nyingi zilizopata hewa. Ni mfano wa kwanza ninaoukumbuka wa wimbo wa Dar kufika kila mahali bila kupita kwenye lile paa.

Ina maana hakukuwa na roki kabisa? Baba anasema alikuwa na nywele za afro na suruali pana.

Baba anasema kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mji ulikuwa na vikundi vya vijana vilivyopiga kopi za roki na soul, wakisoma maneno ya Kiingereza kutoka kwenye majalada ya santuri na kuyakisia pale yasiposomeka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969: sketi fupi, mawigi, mkorogo na suruali za kubana vikapigwa vita mitaani. Novemba 1969 ikaja zamu ya muziki wenyewe, soul ikapigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam. Mtu anayeniuliza kwa nini roki haikukua hapa namwonyesha tarehe hizo mbili kwanza, ingawa hazimalizi habari yote. Magitaa na vikuza sauti vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa na foleni yake.

Katikati ya hali hiyo wakazuka Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Hawa walichukua gitaa lenye mkwaruzo, kinanda cha umeme na mdundo wa funk, wakaimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, "Ave Africa", ilitoka 1976 baada ya kurekodiwa Zambia. Zambia siyo bahati nasibu. Wakati ule Lusaka na miji ya shaba ilikuwa na roki yake iliyopamba moto, ile ambayo leo dunia inaiita Zamrock, ya akina WITCH na Rikki Ililonga. Huko kulikuwa na pesa ya shaba, studio na wanunuzi. Reli ya TAZARA ndiyo kwanza imekamilika. Bendi iliyoona haitoshi kwenye chumba cha Dar ilikuwa na mahali pa kwenda, hata kama ni mwendo wa siku mbili garini.

Kazi zote za Sunburst zilikusanywa na kutolewa upya na kampuni ya London mwaka 2016. Wajukuu wa Ilala wakazipata kwenye simu zao kupitia Uingereza. Sina la kuongeza hapo.

Na Freddie Mercury je, tumhesabu?

Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Muziki alioutengeneza ni wa Uingereza. Wenye mahoteli Unguja wamemhesabu tayari. Sisi wa Dar tuwaachie.

Msondo na Sikinde: redio ilikuwa upande gani?

Ingekuwa kama kuuliza redio ni Simba au Yanga. Ilirekodi wote.

Kwa asiyejua: NUTA Jazz ilianza 1964, na kila chama cha wafanyakazi kilipobadili jina nayo ikabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, na neno lenyewe ni la ngoma ya Wazaramo. Muhidin Maalim Gurumo, sauti kubwa ya NUTA, alikuwa miongoni mwa walioianzisha Mlimani 1978, na baadaye akahamia Safari Sound na mtindo wa Ndekule, kabla ya kurudi Msondo alikozeekea. King Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, ndiye aliyezipanga tarumbeta na magitaa ya Mlimani. Hassan Bitchuka naye alivuka kutoka ng'ambo ile.

Wanamuziki walihama kama wachezaji wa mpira, na mashabiki wengi walipata habari za usajili kwa njia ya ajabu: wimbo mpya unapigwa redioni, sauti inaingia, mtu anaacha kula. "Huyo si fulani? Amefika lini huko?" Mjomba wangu aliwahi kugoma kwenda ukumbi wa DDC Kariakoo kwa mwezi mzima kwa sababu ya uhamisho wa mwimbaji mmoja. Alirudi mwenyewe, bila kuombwa.

Ni kweli redio hiyo hiyo ilitumiwa na wapigania uhuru?

Ni kweli. RTD ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na Idhaa ya Nje, na Idhaa ya Nje ilitoa muda wa hewani kwa vyama vya ukombozi: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, na vya Zimbabwe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika makao yake yalikuwa hapa hapa Dar. Redio iliyokuwa ikimpeleka Mbaraka Mwinshehe mpaka Sumbawanga saa za jioni ilikuwa na idhaa nyingine inayosikilizwa kwa siri, sauti chini, kwenye vyumba vya Soweto.

Kwa nini RTD ilisikika nchi nzima, lakini stesheni yangu ya FM inakatika nikipita Chalinze?

Ni tabia ya mawimbi. FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama mbele au dunia ikijipinda, umeikosa. Mnara wa Dar unahudumia Dar na jirani zake, na stesheni inayotaka kusikika Dodoma lazima isimike mtambo mwingine huko. Ubora wake ni sauti safi na stirio.

RTD ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa ya kati hutambaa na ardhi mchana, na usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali zaidi, ndiyo maana redio ilikuwa ikinoga giza likiingia. Masafa mafupi huruka kwa kugonga tabaka hilo na yanaweza kuvuka bara zima. Gharama yake ni mikwaruzo, sauti inayopanda na kushuka kama mtu anaongea akiwa kwenye bembea, na stesheni ya nchi nyingine kuingilia kati ya taarifa ya habari. Kwa njia hiyo hiyo tulizipata idhaa za Kiswahili za BBC na Ujerumani, na rumba ya Kinshasa ambayo wapiga solo wa Dar walikuwa wakiinukuu usiku na kuipiga kesho yake kwa maneno mengine.

Ni kweli watu walikuwa wakianika betri juani?

Kweli tupu, na kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Betri za National zilitengenezwa hapa hapa Dar, lakini kutengenezwa mjini hakukumaanisha kupatikana dukani. Joto huchangamsha kemikali zilizobaki ndani ya betri iliyochoka, ikatoa nguvu kidogo ya mwisho. Inatosha taarifa ya habari ya saa mbili usiku na, ukibahatika, nyimbo mbili. Hasara ni kwamba betri iliyopikwa sana huvuja, na maji yake yakishaingia kwenye springi za redio umeua mgonjwa kwa dawa.

Redio za watu binafsi zilikuja lini, na zilifanya nini na dansi?

Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Radio One ya IPP ilianza 1994, pamoja na ITV; kabla ya sheria hiyo Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja. Clouds, iliyokuwa ikijulikana kama disko, ikawa na redio yake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Watangazaji wa RTD wakahamia studio mpya. Julius Nyaisangah, yule tuliyemwita Uncle J, alikuwa mmoja wao.

Msikilizaji wa mjini alipata kitu ambacho RTD haikumpa: stesheni inayoongea lugha ya kijiwe chake. Vijana wakaleta kanda za rap kwa Kiswahili, na Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuuita muziki huo Bongo Flava hewani, mwaka 1996. Studio ikawa kompyuta na kijana mmoja. Ukilinganisha gharama ya kuwalisha wanamuziki kumi na tano na kuwabebea vyombo, unaelewa kwa nini dansi ilisukumwa mpaka Jumapili mchana, kwenye kipindi cha zilipendwa.

Wazee wengi huwalaumu watangazaji wa FM kwa hilo. Mimi huwalaumu nusu. Mashirika ya umma yaliyomiliki bendi yalikuwa yanabinafsishwa au yanafungwa miaka ile ile, na bendi haiwezi kukaa kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda ambacho hakipo.

Wanamuziki walilipwa nyimbo zao zikipigwa?

Walilipwa kidogo siku ya kurekodi. Baada ya hapo wimbo ungeweza kupigwa miaka thelathini, na mtunzi akausikia akiwa anapanga foleni ya daladala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999 na ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo kilichopewa wakati ule kazi ya kukusanya mirabaha. Kwa wengi waliorekodi Pugu ilikuwa imechelewa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekufa kwa ajali ya gari tangu Januari 1979.

Kuna upande mwingine ambao wanamuziki wenyewe huutaja wakitulia: bila kanda za redio, nyimbo hizo zisingekuwepo kabisa leo za kugombaniwa. Wote wawili, mwenye kulalamika na mwenye kushukuru, mara nyingi ni mtu mmoja, na anasema yote mawili kwenye kikombe kimoja cha kahawa.

Naweza kuingia kwenye maktaba ya redio nikanakili wimbo wa marehemu babu?

Maktaba ni ya TBC, kwa hiyo ruhusa inaombwa kwao, kwa barua. Andika jina la bendi, jina la wimbo, na mwaka hata wa kukisia. Jina la bendi ndilo muhimu. "Wimbo fulani hivi wa huzuni unaomtaja mwanamke" ni maelezo ya nusu ya maktaba.

Shikamoo mzee. Baba ameacha sanduku la kanda alizorekodi kutoka redioni. Nizifanyie nini?

Marahaba, ingawa uzee wenyewe bado naukataa.

Kwanza usizipige. Najua hamu uliyonayo, lakini kanda iliyokaa miaka thelathini kwenye joto na unyevu wa Dar huwa na ukungu, na redio kaseti ya zamani ikiimeza hupati kitu. Ichungulie kwenye mwanga: ukiona vumbi jeupe pembeni ya utepe, hiyo ni ya fundi. Iliyo safi, izungushe kwa mkono kwanza, kwa kalamu ya Bic kama tulivyofanya wote, ili utepe ulioshikana uachie taratibu. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Kisha peleka sauti kwenye kompyuta kwa waya, mara moja, bila kusimamisha kila wimbo; utakuja kuikata baadaye. Weka masanduku mbali na spika, maana zina sumaku.

Usifute maneno ya mtangazaji. Baba yako huenda aliyachukia, kwa sababu yalikula mwanzo wa wimbo, lakini hapo ndipo penye tarehe, jina la bendi na saa. Usifute pia mlango unaogongwa na mtu anayemwita mwenzake chakula kiko tayari. Kama alirekodi kwa kuisogeza redio kaseti mbele ya redio, kama mjomba wangu alivyofanya, utasikia nyumba nzima humo ndani. Kwenye moja ya kanda zetu, chemko likiwa limekolea, kuna sauti ya mtoto anaulizwa betri ziko wapi, naye anajibu ziko juani.